Kutoka Nairobi hadi Nyari: mwongozo wa kulitazama na kulishuka korongo la Marafa

Korongo la Marafa liko katika Kaunti ya Kilifi, umbali wa kati ya kilomita 30 na 40 kutoka mji wa Malindi, pembezoni kabisa mwa kijiji kilicholipa jina. Wagiriama wanaoishi hapo huliita Nyari, na watalii wengi wamelizoea kwa jina la Hell's Kitchen, hivyo jina lolote kati ya hayo matatu litakufikisha ukiuliza njia. Ukisimama juu unatazama chini kiasi cha mita 30, kwenye nguzo, kuta nyembamba na vilele vyenye ncha, vyote vikiwa vimejipanga kwa matabaka ya rangi: nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu iliyoiva. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayeondoka Nairobi akiwa na siku chache mkononi, ambaye angependa kuliona korongo kutoka ukingoni, kushuka hadi chini, na kurudi bila kuumia.

Kuna jambo moja ambalo ni heri lisemwe mapema, kwa kuwa ndilo linaloamua karibu kila hatua inayofuata: ukingo wa Marafa si mwamba. Ni mchanga na udongo ulioshikamana, na bado unabomoka. Mkazi wa Nairobi aliyezoea kutembea Ol Njorowa kule Naivasha, ambako kuta za korongo ni miamba iliyotokana na volkano, huenda akafika Marafa na mazoea yasiyofaa hapa, yaani kushika ukuta ili kujitegemeza, kukaa ukingoni akining'iniza miguu, au kupanda juu ya nguzo ili apigwe picha.

Ni vyema kuelewa jinsi mahali hapa palivyojengeka. Wanajiolojia walioichora ramani ya Pwani ya Kenya waliyapa matabaka ya mchanga ya ukanda huu majina ya Marafa na Magarini, na mchanga huo ulilala hapo mamilioni ya miaka iliyopita bila kugeuka kuwa jiwe gumu. Wekundu unaouona hutokana na madini ya chuma yaliyoshika kutu. Pale ambapo chuma ni haba, au kimeoshwa na maji, mchanga hubaki mweupe. Mvua kubwa inapoanguka juu ya udongo usio na nyasi wala mizizi, maji huchimba mfereji, mfereji huo hukutana na mwingine, na kinachobaki katikati yake ni ukuta mwembamba ambao ukikatwa tena hugeuka nguzo. Mahali ambapo tabaka gumu kidogo limelalia tabaka laini, lile laini huliwa kwa chini na la juu hubaki likining'inia, na mtu aliyesimama juu yake hana njia ya kulijua hilo kwa macho.

Hatua ya kwanza: kuchagua msimu na saa

Usichague tarehe kwa kutazama hali ya hewa ya Nairobi. Julai na Agosti, wakati jiji limefunikwa na mawingu na watu wamevaa masweta, Pwani iko katika kipindi chake kizuri zaidi: upepo wa kusi unavuma, joto limepungua, na mvua kubwa ya masika, ambayo huko hufikia kilele mwezi wa Mei, imekwisha kupita hata kama manyunyu ya asubuhi bado yapo. Januari na Februari ni miezi mikavu, kwa hiyo njia za korongoni ni imara, lakini joto lake ni kali na linahitaji mtu mwenye afya nzuri. Kuanzia Aprili hadi Juni ningekushauri usipange kushuka kabisa. Vuli, yaani kati ya Oktoba na Desemba, inawezekana kwenda, ila uwe tayari kubadilisha siku: ikiwa imenyesha usiku, subiri angalau siku nzima ya jua kabla ya kukanyaga mteremko, kwani udongo wa mfinyanzi uliolowa huteleza, na kuta zilizonyweshwa maji ndizo zinazomeguka.

Kuhusu saa, panga kila kitu ukianzia machweo na kurudi nyuma. Pwani iko mashariki ya Nairobi, na kwa sababu hiyo jua la Malindi huzama dakika kumi na kitu kabla ya jua la Nairobi. Kutegemea na mwezi, litazama kati ya saa 12.05 na saa 12.40 jioni. Rangi za Marafa hufikia uzuri wake katika saa ya mwisho kabla ya hapo, mwanga unapolala na kuzifanya nguzo zitupe vivuli virefu. Mchana wa saa 6 hadi saa 9 korongo hilohilo huonekana limepauka, na chini hakukaliki, kwa kuwa kuta huzuia upepo na mchanga hurudisha joto usoni. Mpango unaofaa ni kufika Marafa mnamo saa 9.30 alasiri, kutumia muda ukingoni, kuanza kushuka yapata saa 10.30, na kuwa umekwisha kupanda tena kabla ya saa 12. Matembezi ya chini yenyewe hayazidi saa moja kwa mtu asiye na haraka.

Wenye watoto wadogo au wazee katika msafara wafikirie kwenda alfajiri badala ya jioni. Rangi za asubuhi ni tulivu zaidi na, kwa maoni yangu, hazifikii zile za jioni, lakini hewa ni nzuri na mna mchana mzima wa kutatua tatizo lolote la gari.

Hatua ya pili: kufika

Kutoka Nairobi kuna njia tatu za kweli. Ndege hadi Malindi huchukua kama saa moja na ndiyo ghali. Gari la kibinafsi au basi kupitia Mombasa ni safari ya kutwa nzima, kwani Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480 na kutoka hapo hadi Malindi ni kilomita 120 hivi nyingine. Kwa watu wengi, treni ya Madaraka Express ndiyo chaguo la busara. Panda ile ya asubuhi kutoka kituo cha Syokimau, ukiwa na kitambulisho chako na ukiwa umefika saa nzima kabla ya kuondoka, maana ukaguzi wa mizigo una foleni zake. Safari huchukua saa 5 hadi 6 na huishia Miritini, ambako utakuta matatu na magari madogo yakiitisha abiria wa Kilifi na Malindi papo hapo nje ya kituo. Tikiti za wikendi ndefu na za Desemba huisha mapema mno, kwa hiyo kata tikiti ya kurudi siku ileile unapokata ya kwenda. Treni ya usiku inavutia kwa bei na kwa kuokoa siku, lakini hukushusha Miritini kabla ya mapambazuko ukiwa na usingizi, na mtu aliyekesha hafai kutembezwa kwenye ukingo unaobomoka siku hiyohiyo.

Kwa hiyo lala Malindi kwanza. Siku inayofuata mchana, chukua gari la kukodi kuelekea kaskazini kwa barabara ya Lamu, uvuke Mto Sabaki, na ukifika eneo la Mambrui ukunje kushoto kuingia bara. Barabara ya ndani ina vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Mwulize dereva aliyeipita wiki hiyo, wala usiamini muda unaoonyeshwa na ramani ya simu. Matatu za kwenda kijijini zipo, ila ni chache na nyingi hutembea asubuhi. Anayetaka kuona machweo hawezi kuzitegemea kurudi, naye atajikuta akibembeleza bodaboda gizani. Mkiwa wanne, kukodi gari pamoja na dereva wa kuwasubiri hakutamwumiza yeyote mfukoni. Mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjaondoka, na mseme wazi kwamba mtarudi baada ya jua kuzama.

Hatua ya tatu: kufungasha

Maji ndiyo mzigo mkuu. Beba lita 2 kwa kila mtu kwa ajili ya korongo peke yake, na nyingine zibaki garini. Pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, zinazopatikana katika kila duka la dawa, ni nyepesi na zitakufaa, kwa sababu mtu aliyezoea hewa ya Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, hutoka jasho jingi asilolitarajia akishuka usawa wa bahari wenye unyevu. Viatu viwe vya kufunika mguu wote na vyenye soli yenye meno. Ndara na viatu vya wazi huingiza mchanga na havikulindi dhidi ya miiba wala nyoka. Vaa kofia pana na shati la mikono mirefu. Chukua tochi hata kama unaamini utarudi mapema, na fimbo moja ya kutembelea. Mimi huongeza leso, ambayo hufunika shingo wakati wa jua, hutandikwa chini wakati wa kupumzika, na humsitiri aliyevaa kaptura fupi anapopita kijijini, ambako watu huvaa kwa staha.

Pesa zigawanye: nyingine ziwe kwenye simu, nyingine taslimu za noti ndogondogo, kwa kuwa mtandao ukikwama huko huna pa kwenda. Wanaotaka kurusha droni wakumbuke kwamba sheria ya Kenya inadai kibali kabla ya kuirusha popote, na kibali hicho kinaombwa kabla ya safari, si langoni.

Hatua ya nne: kuingia kwa heshima na kupata mwelekezi

Korongo linasimamiwa na jamii ya hapo, na pesa za kiingilio hukusanywa na wenyeji. Lipa kiingilio, kisha chukua mwelekezi wa kijijini hata kama una hakika kwamba unaweza kutembea mwenyewe. Sababu si kupotea. Korongo si kubwa kiasi hicho. Sababu ni kwamba njia iliyokuwa salama mwaka jana huenda imekatwa na mvua za mwaka huu, na anayelijua hilo ni mtu anayeishuka kila wiki.

Wanairobi tuna tabia ya kuingia mahali na swali mdomoni. Pwani, salamu hutangulia. Ukimkuta mtu mzima ameketi kivulini karibu na lango, mazungumzo yanayofaa huenda hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwatoka mbali?"

"Tumetoka Nairobi, mzee. Tumekuja kuitazama Nyari."

"Karibuni sana. Basi ketini kwanza, jua bado kali."

Ukiambiwa uketi, keti. Dakika hizo kumi ndizo utakazojua kama ilinyesha juzi, ni mteremko upi umefungwa, na nani atawaongoza. Ni wakati huo pia unapaswa kuuliza malipo ya mwelekezi, kwa kila mtu au kwa kundi zima, na kama yanahusisha kushuka au kuzunguka ukingo tu. Kubishana bei baada ya kupanda, wote mkiwa mmechoka, ni aibu kwa pande zote mbili.

Njiani mwelekezi atakusimulia kisa cha Nyari. Kinachosimuliwa zaidi ni cha familia tajiri iliyokuwa na ng'ombe wengi mno hata ikaoga maziwa badala ya maji, ilhali wengine wana dhiki. Mungu akaghadhibika na ardhi ikawameza. Weupe wa kuta ni yale maziwa, na wekundu ni damu yao. Kuna masimulizi mengine, ya wanakijiji walioonywa wahame na bibi kizee mmoja akakataa. Usimkatize msimulizi kwa kumweleza habari za chuma na mmomonyoko. Hadithi ya kuoga maziwa katika nchi ambako maji yenyewe ni ya shida ina jambo inalolisema kuhusu uchoyo.

Hatua ya tano: ukingoni

Kabla ya kushuka, zunguka juu. Hapa ndipo pana mandhari kamili, na hapa pia ndipo watu hufanya uzembe, kwa sababu ardhi iliyo chini ya miguu ni tambarare na inaonekana imara.

Tazama chini, mbele ya viatu vyako. Ufa mwembamba unaokwenda sambamba na ukingo, hata ukiwa na upana wa kidole kimoja tu, ni alama kwamba kipande chote kilicho upande wa korongo kimekwisha kuanza kujitenga. Usivuke ufa huo kwa sababu yoyote. Pasipo na ufa, bado baki nyuma ya ukingo kwa urefu wa mtu mzima aliyelala, kwa kuwa huwezi kuona kama tabaka la chini limeliwa. Njia nzuri ya kujua ni kutembea hadi mahali ukingo unapopinda, ukautazama kwa ubavu ule upande ulikokuwa umesimama; mara nyingi utakuta sehemu iliyoonekana kuwa uwanja ni ubao mwembamba wa udongo juu ya hewa tupu. Watu wakilishuhudia hilo kwa macho yao, huwa hawahitaji kuambiwa tena warudi nyuma. Watoto washikwe mkono wakati wote, wala si kuitwa tu.

Kwa picha, usipige ukielekea jua. Lipe jua mgongo au bega, gusa kioo cha simu pale penye ukuta unaong'aa ili rangi zisipauke, na mwombe mmoja wenu aliyekwisha kushuka na mwelekezi asimame chini akiwa na nguo nyeupe, kwani bila umbo la mtu hakuna atakayeamini ukubwa wa nguzo hizo.

Hatua ya sita: kushuka na kutembea chini

Kunywa maji kabla ya kuanza, wala usingoje kiu. Kisha mfuate mwelekezi kwa mstari mmoja, mkiachana hatua kadhaa ili aliye juu akimegua donge lisimwangukie aliye chini. Kwenye mteremko wenye changarawe juu ya udongo mgumu, miguu huteleza jinsi inavyoteleza juu ya punje za mahindi zilizomwagika sakafuni. Geuza mwili kidogo uwe ubavu, kanyaga kwa soli nzima badala ya kisigino, piga hatua fupi, na fimbo iwe upande wa chini. Ukiteleza, keti. Kuketi kwa makusudi huchafua suruali. Kujaribu kusimama kwa kushika ukuta huweza kukuletea kipande cha ukuta mkononi na kingine kichwani.

Chini, sakafu ni mchanga laini uliosombwa na maji, na kuta hukukaribia pande zote mbili. Gusa ukuta kwa kiganja polepole: utaona punje zikibaki mkononi, nyekundu kutoka tabaka moja na nyeupe kutoka lililo juu yake, na utaelewa kwa nini kuchora jina hapa kwa kijiti ni uharibifu wa kweli hata kama mvua italifuta. Tembea katikati ya mfereji, mbali na vitako vya kuta zilizoning'inia. Madonge mapya yenye kingo kali yaliyolala juu ya mchanga maana yake ni kwamba kuta za juu yake zilimeguka majuzi. Pita hapo haraka na usipumzike. Usipande juu ya nguzo, usikate njia ya mkato mteremkoni, na usichukue udongo wa rangi kwenye chupa, kwa kuwa mfereji mpya wa maji huweza kuanzia kwenye alama ya mguu au shimo dogo tu.

Mawingu mazito yakionekana upande wa bara, au ukisikia radi, matembezi yamekwisha, hata kama hapo ulipo jua linawaka. Maji ya mvua iliyonyesha juu ya ukingo hutiririka kwenye mifereji hiyohiyo mnayoitembelea. Mwelekezi akisema mpande, pandeni bila mjadala.

Dalili za kuzidiwa na joto ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na jasho kukatika ghafla. Mtu wa namna hiyo aketishwe kivulini, amwagiwe maji shingoni na kwapani, apepewe kwa leso, na anyweshwe kidogokidogo ikiwa yuko macho. Akianza kuropoka au kulegea, apelekwe hospitali Malindi mara moja huku akiendelea kupozwa njiani.

Hatua ya saba: kupanda na kurudi

Anzeni kupanda mwanga ungali mzuri, hata kama korongo ndiyo kwanza linapendeza. Huko chini kiza huingia kabla ya juu, na mteremko mliouona vizuri wakati wa kushuka hugeuka kivuli kitupu. Machweo yenyewe yatazameni mkiwa mmekwisha fika juu, nyuma ya ufa. Mlipeni mwelekezi hapo hapo, na mkimwongeza kitu, iwe ni pesa badala ya ahadi ya kutumiana picha.

Barabara ya kurudi Malindi ipiteni taratibu, kwani mbuzi na ng'ombe hurejeshwa nyumbani saa hizo na baiskeli nyingi hazina taa.

Hatua ya mwisho huifanyi Marafa. Wakazi wa Nairobi wengi hawana kinga ya malaria, na Pwani malaria ipo. Ongea na daktari kuhusu dawa za kuzuia kabla ya safari, jipake dawa ya mbu kuanzia jioni, na ulale ndani ya neti Malindi. Ukishikwa na homa, baridi au maumivu ya viungo wiki moja, mbili, au hata zaidi baada ya kurejea, usiyaite mafua ya Julai. Nenda ukapimwe damu, na kabla daktari hajauliza, mwambie ulilala Malindi na tarehe uliyolala huko.